Mboga za kwetu ndani ya kitalu nyumba kisicho na hita: mwongozo kamili kwa tunaoishi Uingereza

Uingereza, kitalu nyumba cha kioo nyuma ya nyumba ni jambo la kawaida, na ukichungulia ndani ya vingi vyake utaona nyanya na matango. Nyanya na matango yamejaa supamaketi mwaka mzima. Mnavu haupo. Matembele hayapo, na ukibahatika kuyakuta kwenye duka la Waafrika au la Wabangladeshi yamekuja kwa ndege, yamelegea, na fungu moja bei yake inauma. Kwa hiyo kama una kitalu, au umekikuta kwenye nyumba uliyohamia, au umepata kiploti cha kukodi cha halmashauri chenye kibanda cha plastiki, nafasi hiyo ni ya thamani mno kuijaza nyanya peke yake.

Kuchagua ndiko kunakowashinda wengi. Watu huingia na orodha ya vyote wanavyovikumbuka, kuanzia muhogo hadi mbaazi, na Septemba inawakuta na miti mirefu isiyo na kitu cha kuchuma. Kitalu kisicho na hita kina sheria zake, na mazao ya kwetu yana zake. Ninachoshauri ni hiki: zao lipime kwa usiku, kisha kwa urefu wa siku, na ukibaki njia panda kati ya jani na tunda, chukua jani.

Hatua ya kwanza: ujue usiku wa kitalu chako

Mchana kioo kinadanganya. Siku ya jua ya mwezi wa Aprili, nje kukiwa na nyuzi 14 za Selsiasi, ndani panaweza kufika 30, na ukisimama humo utadhani uko Morogoro. Jua likizama joto lote hilo hutoka, na kufika alfajiri ndani panazidi nje kwa nyuzi mbili tatu tu. Nje kukishuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri, ndani nako jalidi imeingia.

Nunua kipimajoto kinachohifadhi joto la juu na la chini kabisa la siku. Ni pauni chache. Kining'inize kwenye kimo cha mimea, mahali jua lisipokipiga moja kwa moja, na kila asubuhi andika ile namba ya chini. Unatafuta tarehe mbili: usiku unapoacha kushuka chini ya nyuzi 5, na unapoacha kushuka chini ya nyuzi 10. Ya kwanza inakuruhusu kuhamishia sukuma wiki na jamaa zake. Ya pili ndiyo mlango wa mboga za joto, na sehemu nyingi za katikati ya England ndani ya kioo huangukia nusu ya pili ya Mei. Jalidi ya mwisho huko nje huwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei kwa walio kusini, katikati ya Mei kwa walio Midlands, na Scotland inaweza kuvuta hadi Juni. Kioo kinakuongezea wiki mbili au tatu mwanzoni mwa msimu, na kiasi hichohicho mwishoni.

Usisubiri tarehe ya nyuzi 15, maana kwa walio wengi haiji. Hata Julai, usiku wa Midlands kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 12 hivi nje. Zao lolote linalodai usiku wa nyuzi 18 au 20, kama lilivyozoea Tanga au Mombasa, litaishi kitaluni bila raha hata kiangazi kikiwa kizuri.

Hatua ya pili: angalia urefu wa siku

Hili halisemwi sana, na ndilo linalowaangusha wanaopanda kwa uangalifu wote. Kwetu mchana ni saa 12 hivi, masika na vuli. London tarehe 21 Juni mchana unapita saa 16 na nusu, Glasgow unapita saa 17 na nusu, na Desemba London haupati hata saa 8. Mimea mingi ya ukanda wetu huweka maua siku zinapofupika. Ikikutana na mchana wa saa 16 inaendelea kurefuka tu, ikingoja ishara ambayo itafika Septemba, wakati baridi nayo iko njiani.

Mbaazi za kienyeji zile ndefu ndivyo zilivyo. Zitagusa paa la kitalu, zitatoa maua Oktoba, na jalidi itazifuata. Choya, ile rozela tunayochemshia juisi nyekundu, ina tabia hiyohiyo, ingawa majani yake machachu yanalika, na anayeyapenda apande kwa ajili yake. Njugu mawe zinahitaji siku fupi ili zijaze maganda.

Sasa geuza upande wa pili. Kinachomkera anayetaka tunda ni neema kwa anayetaka jani. Mlenda na nderema, ambavyo kwetu hukimbilia maua, hapa Juni na Julai vinabaki kwenye majani wiki baada ya wiki.

Hatua ya tatu: jani kwanza, tunda baadaye

Msimu wa kitalu kisicho na hita, kwa mboga za joto, ni kuanzia mwisho wa Mei hadi mwisho wa Septemba. Miezi minne. Zao la tunda linatumia miwili ya kwanza kujenga shina, kisha lichanue, lichavushwe, lijaze, na kila hatua inaweza kukwamishwa na wiki moja ya mawingu. Zao la jani linaanza kulipa wiki ya tano. Mawingu yakija, jani linakua polepole, lakini unachuma.

Ndiyo maana katika kitalu cha kawaida cha futi 6 kwa 8 ningetoa theluthi mbili ya udongo kwa majani, na theluthi moja kwa matunda mawili au matatu ambayo familia inayalilia kweli. Kaeni jikoni mwandike mboga zinazopikwa kila wiki. Mboga inayopikwa mara moja kwa mwaka isipewe nafasi, hata iwe ya ajabu kiasi gani.

Majani manne ya kuanzia

*Mchicha* ndio mwalimu wa kitalu. Mbegu zinaota vizuri udongo ukiwa na nyuzi 18 na kuendelea, na chini ya nyuzi 10 mmea unasimama kabisa, unageuka wekundu na kukomaa ukiwa mdogo. Sia mbegu mwishoni mwa Aprili kwenye trei ndani ya nyumba, au moja kwa moja kitaluni kuanzia nusu ya pili ya Mei, kisha rudia kila baada ya wiki mbili au tatu. Mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, na zifunike kidogo tu. Mimea ikifika sentimeta 20 unaweza kung'oa kama wafanyavyo sokoni, au kukata ukiacha vifundo viwili vitatu vya chini vichipue tena. Nafasi ikiwa ndogo, kukata kuna faida zaidi. Zingatia kwamba mchicha nao unasoma siku: ule uliosiwa Agosti hukimbilia mbegu ukiwa na kimo cha mkono. Mwisho wa kusia uwe wiki ya mwisho ya Julai.

Mbegu zake zimejaa Uingereza chini ya majina ya watu wengine. Wabangladeshi huita ule mwekundu "lal shak", Wakaribi huita "callaloo". Tafuta neno Amaranthus kwenye pakiti. Ila angalia na maelezo, kwa sababu aina nyingine huuzwa kwa ajili ya maua au nafaka. Zinalika, lakini majani yake ni machache na magumu upesi.

*Mnavu* unavumilia baridi kuliko mboga nyingine za joto, na hilo linaufanya uwe chaguo langu la kwanza kwa walio kaskazini. Mnavu wa majani mapana, ule unaouzwa sana Nairobi na Kisumu, ni Solanum scabrum. Hapa watu huupanda kwa ajili ya matunda meusi ya kutengenezea jamu, wanauita "garden huckleberry", na majani wanayatupa! Sia Machi ndani ya nyumba, hamishia kitaluni katikati ya Mei kwa nafasi ya sentimeta 30, na ukifika kimo cha goti kata ncha ili utanuke. Vunja vishada vya maua vinapotokea, majani yataendelea kuwa laini hadi Oktoba.

Hapa nina neno zito. Uingereza kuna mmea wa mwituni unaoua, Atropa belladonna, nao ni ndugu wa mbali wa mnavu. Maua yake ni ya zambarau iliyofifia, yenye umbo la kengele, yananing'inia moja moja, na tunda lake jeusi linalong'aa hukaa peke yake juu ya nyota ya majani matano. Mnavu una maua madogo meupe kwa kishada, na matunda kwa kishada. Usichume mnavu wa porini huku kwa kukisia, na watoto waelezwe. Panda uliotoka kwenye pakiti yenye jina kamili, matunda mabichi ya kijani usiyaguse, na majani yapike kama tulivyofundishwa: yachemshe, mwaga maji ya kwanza, ndipo uunge.

*Matembele* yanaanzia supamaketi. Chukua kiazi kitamu kisichokuwa na jeraha, cha kilimo hai ukikipata, kwa sababu vingine hupakwa dawa ya kuzuia kuchipua. Mwishoni mwa Februari kizike nusu, kikiwa kimelala, kwenye udongo wenye unyevu, na ukiweke mahali pa nyuzi 20 au zaidi, kama juu ya kabati karibu na bomba la maji ya moto. Kitachukua mwezi au zaidi. Vichipukizi vikifika urefu wa kiganja vikate na uvitumbukize ncha za chini kwenye glasi ya maji. Ndani ya wiki moja vina mizizi. Hayo ndiyo marando yako. Mwisho wa Mei yapeleke kitaluni, yafunge kwenye kamba yapande juu, kwa sababu yakitambaa chini yatakula njia na konokono watayala. Chuma ncha za sentimeta 10 hadi 15 pamoja na majani machanga. Usimalize mmea mzima kwa siku moja. Viazi vya chini vikipatikana Oktoba ni nyongeza, na kadiri unavyochuma majani ndivyo vitakavyokuwa vidogo. Chagua moja.

*Mlenda*, au mrenda kwa wa Kenya magharibi, ni Corchorus olitorius. Kwenye maduka ya Waarabu na kwa wauza mbegu utaukuta kwa jina la "molokhia". Huu unataka joto kweli, na aliye Aberdeen auweke mwisho wa orodha. Mbegu zake zina ganda gumu. Zifunge kwenye kitambaa, zichovye kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 5 hadi 10, kisha papo hapo kwenye maji baridi, ndipo uzisie. Usipofanya hivyo zitaota moja moja kwa miezi. Sia mwisho wa Aprili ndani ya nyumba, hamishia Juni, kata ncha mmea ukifika sentimeta 25. Hamishia mapema kuliko hapo na utageuka njano, usimame palepale hadi joto lije.

Majani mengine, kwa ufupi

Nderema, Basella alba, ni ya kupanda kwenye kamba ukuta wa nyuma. Inakwenda taratibu hadi Julai, kisha inajaza. Majani ya kunde ni rahisi ajabu: nunua kunde kavu za kupika, sia mwisho wa Mei, chuma majani machanga kuanzia wiki ya nne, na maganda usiyafikirie. Majani ya maboga hayahitaji kitalu kiangazi. Anzisha miche humo, kisha itoe nje Juni. Mgagani unaota vibaya chini ya nyuzi 20 na mbegu mbichi za msimu huo hulala miezi kadhaa, hivyo jaribu chungu kimoja kwanza.

Matunda yanayostahili nafasi

Pilipili mbuzi ni la kwanza. Jamii yake, Capsicum chinense, imeshathibitisha kwamba inaweza Uingereza: Dorset Naga, moja ya pilipili kali zinazojulikana duniani, ilichaguliwa huko Dorset na Joy na Michael Michaud kutoka kwenye pilipili ya Kibangladeshi iliyonunuliwa dukani Bournemouth. Siri ni muda. Sia Januari au mwanzo wa Februari kwenye nyuzi 25 hadi 28, juu ya mkeka mdogo wa umeme wa kuoteshea ukiweza, na uikuze dirishani hadi Mei. Aliyesia Aprili atapata maua Septemba. Panda kwenye chungu cha lita 7 au 10, kwa sababu Oktoba utakiingiza ndani ya nyumba na mmea utaendelea mwaka wa pili ukiwa mbele ya wenzake.

Nyanya chungu, ngogwe kwa wengine, hufuata ratiba ya bilinganya: sia Februari, hamishia mwisho wa Mei, chuma zikiwa bado nyeupe au za kijani. Kituo cha World Vegetable Center kilichopo Tengeru, Arusha, kimefanya kazi kubwa kwenye zao hili, na majina kama Tengeru White na DB3 ukiyaona kwenye pakiti ujue yanatoka kwenye kazi hiyo.

Bamia sizikatazi, ila ziingie kwa hesabu. Zinataka udongo wa nyuzi 18 ili ziote, loweka mbegu usiku mmoja, sia katikati ya Aprili moja moja kwenye vikopo virefu kwa sababu mzizi wake mkuu hautaki kuvunjwa. Mmea mmoja hutoa ganda moja leo, jingine baada ya siku mbili. Ukipanda miwili, hutapata sufuria kamili siku moja. Panda sita au usipande. Chuma kila ganda likiwa na sentimeta 7 hadi 10, na wiki ya baridi lipime kwa kisu, kwa maana linakuwa gumu kabla halijawa refu.

Tangawizi nayo inakubali: kipande chenye jicho kwenye chungu kipana, ndani ya nyumba Februari, kitaluni Juni, unavuna Oktoba tangawizi changa yenye ngozi nyembamba isiyohitaji kumenywa. Mchaichai wa dukani ukiweka shina lake kwenye maji utatoa mizizi.

Muhogo kwa ajili ya kisamvu, magimbi kwa ajili ya mizizi, viazi vikuu, migomba ya kula: acha. Ni mazao ya miezi minane hadi kumi na miwili yenye usiku wa joto, na hakuna ujuzi utakaoibadilisha miezi minne ikawa minane.

Hatua ya nne: mbegu kwa njia halali

Najua kila anayekwenda nyumbani hurudi na kikaratasi cha mbegu ndani ya sanduku. Mbegu za kupanda zinazoingia Uingereza kutoka nje kwa kawaida zinatakiwa ziwe na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zilikotoka, hata zikiwa kidogo. Sheria hiyo ina maana: magonjwa ya virusi ya jamii ya nyanya na pilipili husafiri kwenye mbegu, na kitalu chako kinapakana na vya majirani.

Wala huna haja ya kubeba. Wauza mbegu wa Uingereza wana karibu vyote nilivyovitaja. Maduka ya vyakula ya Waasia na Wakaribi huweka rafu ya mbegu kuanzia Machi, na bei yake ni nafuu. Kunde, dhania na uwatu vya kupika huota vikisiwa, mradi havijakaangwa wala kupasuliwa. Halafu kuna watu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 shirika la Garden Organic liliendesha mradi ulioitwa Sowing New Seeds, likazunguka viploti vya Midlands kukusanya mbegu na maarifa ya wahamiaji waliokuwa wakilima mazao ya kwao. Mbegu iliyokwisha kuzaliwa mara tano au sita Leicester au Birmingham imeshachujwa na baridi ya hapa, na ni bora kuliko pakiti mpya ya zao hilohilo. Muulize mama wa Kibangladeshi mwenye kiploti cha jirani. Atakupa zaidi ya ulichoomba.

Hatua ya tano: panga kitalu

Kitalu cha futi 6 kwa 8 ni mita 1.8 kwa 2.4. Toa njia ya sentimeta 60 katikati, unabaki na tuta la sentimeta 60 kila upande. Chunguza kusini kuko wapi. Mimea mirefu ya kamba, matembele na nderema, iwe upande wa kaskazini isiwazibie wengine jua. Tuta la kusini liwe la mchicha na mlenda, vinavyokatwa kila mara na kubaki vifupi. Mnavu uwe karibu na mlango, penye baridi kidogo, hautalalamika. Pilipili na nyanya chungu zikae kwenye vyungu, ili ziweze kuhamishwa.

Vyungu vina sababu nyingine. Mnavu, nyanya chungu, pilipili, bilinganya na nyanya zote ni ukoo mmoja, na udongo uliobeba ukoo huo miaka mfululizo huchoka na kubeba magonjwa. Kama tuta lako limekuwa la nyanya miaka mitatu, mwaka huu lipe mchicha na matembele, na ukoo wa nyanya uishi kwenye vyungu vya udongo mpya.

Mbolea usinunue ya nyanya kwa ajili ya majani. Ile ina potasiamu nyingi ya kusukuma maua na matunda. Majani yanataka naitrojeni: mboji iliyoiva kabla ya kupanda, kisha vidonge vya mbolea ya kuku baada ya kila mkato wa pili.

Hatua ya sita: hewa, maji, wadudu

Kitalu kilichofungwa siku ya jua la Juni hupita nyuzi 40 kabla ya saa sita mchana. Mchicha utavumilia, maua ya pilipili na nyanya chungu yatapukutika. Kama unatoka kazini jioni, weka kifungua dirisha cha paa kinachojiendesha chenyewe. Ndani yake mna nta inayotanuka kwa joto na kusukuma dirisha, haihitaji umeme. Ni kifaa ninachokipa umuhimu kuliko rafu na meza zote.

Asubuhi za joto mwagia maji sakafu ya njia. Mvuke ule hupoza hewa na kuwazuia utitiri wekundu, wanaopenda ukavu na wanaopenda bilinganya, matembele na kunde. Ukiona majani yana madoa meupe madogomadogo na utando mwembamba upande wa chini, ndio hao. Geuza majani ya mnavu kila wiki utafute wadudu mafuta. Waoshe kwa maji ya nguvu, au maji yenye sabuni nyororo kidogo, kisha suuza kabla ya kula. Dawa kali kwenye mboga ya majani inayochumwa kila wiki siipendekezi hata kidogo. Konokono hula miche ya mchicha usiku mmoja ikaisha, kwa hiyo trei ziwe juu ya meza hadi miche iwe na majani manne.

Kabla ya kuhamisha miche kutoka nyumbani kwenda kitaluni, izoeshe. Siku za kwanza ipeleke mchana uirudishe jioni. Juma moja linatosha.

Miezi ya baridi nayo ihesabiwe

Oktoba mboga za joto zikiisha, wengi hufunga mlango hadi Aprili. Ni hasara. Kitalu kisicho na hita ni bora kabisa kwa zile za kwetu za nyanda za juu, anazozijua mtu wa Njombe, Lushoto au Limuru.

Jambo la kukumbuka ni mwanga. Kusini mwa England mchana unashuka chini ya saa 10 mwishoni mwa Oktoba na haurudi hadi Februari, na muda huo mimea haikui, inasubiri tu. Kwa hiyo mimea ifike karibu ukubwa wake kamili mwisho wa Oktoba, kisha uichume kama akiba. Sukuma wiki sia mwanzo wa Agosti, hamishia Septemba mchicha unapotoka. Loshuu au figiri ya Kiethiopia, Brassica carinata, huku huuzwa kwa jina la "Texsel greens", inakua upesi kuliko sukuma na ladha yake ina ukali mtamu. Sia mwisho wa Agosti. Dhania na uwatu sia Septemba, vitakaa hadi majira ya kuchipua. Njegere za kupandwa zisie nene kwenye trei wakati wowote kuanzia Februari, ule machipukizi.

Wakati huu maji ni kidogo sana, asubuhi tu, na siku zisizo na jalidi fungua dirisha hata saa moja, kwa kuwa ukungu wa kijivu huua mboga nyingi kuliko baridi yenyewe. Usiku wa jalidi kali tandaza juu ya mimea kile kitambaa chepesi cheupe kinachouzwa kwa mita.

Kuandaa mwaka ujao

Acha mimea miwili ya mchicha na mmoja wa mnavu isichumwe kuanzia Julai. Mchicha ukiutikisa na mbegu zikadondoka, kata suke lote, likaushe ndani ya mfuko wa karatasi. Ukipanda aina mbili za mchicha pamoja zinaweza kuchanganyika, kwa hiyo ya mbegu iwe moja. Matunda ya mnavu yaponde kwenye maji yakiiva kabisa, mbegu nzima huzama, zianike kwenye sahani.

Marando ya matembele yakate wiki ya mwisho ya Septemba, kabla ya usiku wa kwanza wa chini ya nyuzi 10, uyaweke dirishani kwenye chungu kidogo. Hutahitaji kuchipusha kiazi Februari. Kwenye kila bahasha andika jina, mwaka, tarehe uliyosia na tarehe ya kuchuma mara ya kwanza, pamoja na ile namba ya chini ya kipimajoto wiki uliyohamishia. Mwaka wa pili hizo namba ndizo zitakazokuambia nini kiongezwe nafasi na nini kitolewe.